Pikipiki ya babu iliyobaki Kibokoni: ni ya Mjerumani wa vitani au ni ya wapi?

MjukuuKibokoni

Asalaam aleikum. Naomba msaada kwa wanaozijua pikipiki za zamani, na nina haraka kidogo.

Nyumba ya babu yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale. Mwezi ujao mafundi wa ujenzi wanaingia kutengeneza dari na sakafu, kwa hivyo chumba cha chini ya ngazi lazima kiwe wazi. Humo mna pikipiki iliyofunikwa turubai tangu sisi watoto. Babu alikuwa karani bandarini Kilindini. Alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Bibi anachokumbuka ni kwamba babu alipokuja kumposa tayari alikuwa nayo, na akifika kwao Makadara watoto wa mtaa walikuwa wakiikimbilia.

Ami yangu mkubwa anasema ni vyuma tu, ipimwe kwa kilo iende kwa wanunuzi wa skrepu. Binamu yangu naye akamtumia picha bwana mmoja wa Nairobi anayekusanya vitu vya kale. Bwana huyo alijibu papo hapo: ni pikipiki ya jeshi la Ujerumani ya Vita vya Pili, atatoa elfu themanini taslimu, na anataka jibu kabla ya Ijumaa. Tangu hapo nyumba haina utulivu. Wanaotaka pesa wanataka pesa leo.

Mimi sitaki itoke mlangoni kabla hatujajua ni kitu gani. Babu hakuwa mtu wa mali nyingi, na hiki alikihifadhi mpaka mwisho, akikifunga turubai kwa kamba mwenyewe. Nikikaa na wazee nataka niweze kuwaambia: ilitengenezwa wapi, na nani, na kama maneno ya yule bwana ni ya kweli.

Niliyoyaona ni haya. Ni ndogo, nyembamba kuliko Boxer ya bodaboda, na nyuma naweza kuiinua peke yangu. Silinda ni moja, imesimama wima. Tangi limepakwa rangi nyeusi kwa brashi, lakini pale ilipobanduka chini yake kuna kijani kilichofifia, na ubavuni rangi ya maziwa. Nembo sikuiona. Mbele springi zimefichwa ndani ya mabomba. Nyuma hakuna springi yoyote, gurudumu limefungwa kwenye fremu moja kwa moja. Springi ziko chini ya kiti tu, nacho ni cha mtu mmoja. Ekzosi mwishoni imebanwa bapa, imepanuka kama mkia wa samaki. Kutu ipo, chumvi ya bahari haikumwonea huruma, ila injini haina mpasuko wowote niliouona.

BoxerWaBombolulu

Waaleikum salaam dadangu. Mimi ni mtu wa bodaboda, za kale sizijui sana, lakini nimeikuza ile picha yako nikaona jambo. Pedeli ya gia iko upande wa kulia, pamoja na kiki. Pikipiki zetu hizi zote gia ni mguu wa kushoto na breki ya nyuma ni kulia. Hiyo yako ni kinyume. Sijui ina maana gani lakini nimeona niseme.

Niko hapo Kisiwani karibu kila siku. Ukitaka mtu wa kukushikia spana naweza kupita, sitaki malipo.

Mpwani_wa_Tudor

Habari ya vita msiitupe mbali. Mwaka 1942 kikosi cha majini cha Waingereza cha bahari hii kilihamishia makao yake Kilindini, na majeshi yaliyokwenda kupigana na Waitaliano Ethiopia mengi yalipitia hapa. Waingereza walitumia pikipiki kwa maelfu: BSA M20, Norton 16H, Matchless G3/L. Ikiwa mjini pana pikipiki iliyobaki na vita, ningetarajia iwe ya Muingereza kabla ya kuwa ya Mjerumani.

Ila nitasema pia kinachonitatiza. Hizo nilizozitaja ni kubwa. M20 na 16H zinakaribia sisi (cc, ukubwa wa injini) 500, Matchless ni 350. Hakuna binti atakayeinua nyuma ya M20 peke yake. Kuna mmoja humu anayeweza kulimaliza hili, naye ni FundiMzee_Makupa. Mzee, upo?

FundiMzee_Makupa

Nipo. Nlichelewa kwa sababu nlitaka kuzitazama picha kwenye simu ya mjukuu wangu, yangu kioo chake ni kidogo.

Binti yangu MjukuuKibokoni, kwanza mwambie ami yako kwa heshima asiite mtu wa skrepu. Pili, mtu yeyote asiipige msasa, asiikwangue ile rangi nyeusi, asiilete karibu na grainda. Haya mawili yashike, mengine yatakuja.

Mimi nlifunzwa kazi Mwembe Tayari nikiwa kijana, wakati pikipiki za Uingereza bado zilikuwa barabarani na za Kijapani ndizo zinaingia. Nadhani naijua yako, lakini sitaki kukwambia jina halafu ukaenda nalo kwa wazee kwa sababu mzee mmoja wa Makupa kasema. Nataka chuma chenyewe kiseme. Kwa hivyo ntakueleza cha kutazama, na kwa nini.

La vita. Mpwani amesema sawa kuhusu M20 na wenzake, na kuna sababu nyingine zaidi ya uzito. Zile zote injini zake zina valvu, na oili yake huzunguka peke yake. Yako hata kwenye picha inaonekana haina valvu: silinda ni tupu, hakuna fimbo za kusukuma wala kifuniko cha kuzifunika. Ni ile ya kuchanganya oili na petroli ndani ya tangi moja. Ya aina hii Waingereza walikuwa nayo moja mashuhuri vitani, Royal Enfield ndogo ya sisi 125 waliyoiita Flying Flea, iliyokwenda na askari wa miavuli. Basi huenda mtu akakwambia ndiyo hiyo. Siyo. Ile gia yake ni ya mkono, kuna mti wa gia ubavuni mwa tangi, na shingo ya mbele imening'inia kwa raba, si springi ndani ya mabomba kama yako. Yako gia ni ya mguu.

La Mjerumani. Yule bwana wa Nairobi hakusema upuuzi mtupu. Kuna pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, ambayo ukiziweka hizi mbili pamoja utasema ni ndugu, na ile kweli ilitumiwa na jeshi la Ujerumani. Lakini ile gia yake iko kushoto. Kijana wa Bombolulu ana jicho zuri. Alichokiona ndicho ambacho mimi ningekitazama mwanzo.

Sasa nenda ukanitazamie haya.

Chukua spana za kawaida za milimita, jaribu nati za injini, zile nne za kwenye kichwa cha silinda na za vifuniko vya pembeni. Usizifungue, jaribu tu kama spana inakaa. Mjerumani na Mjapani wanatumia milimita. Muingereza wa siku hizo alitumia vipimo vyake vya inchi, na spana zake ni za Whitworth, na ukilazimisha ya milimita utaila nati mpaka iwe duara.

Upande wa kulia wa injini kuna kifuniko cha magineto, kile kifaa cha kutoa umeme wa cheche. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa uone kama kina maandishi. Kabureta vilevile.

Namba ya fremu iko kwenye shingo, pale usukani unapoingilia. Ya injini iko kwenye kikasha cha injini. Zisugue kwa mswaki na mafuta ya taa, si kwa brashi ya waya. Zikigoma kusomeka, weka karatasi nyembamba juu yake upitishe penseli. Hapa tuandikie herufi za mwanzo tu. Namba yote usiiweke hadharani, watu wa kughushi vitabu vya magari wapo.

La mwisho ndilo zito. Ukipata fundi wa kukufungulia kichwa cha silinda kwa upole, pima upana wa silinda kwa rula ya chuma, ndani, ukuta kwa ukuta. Nataka kujua kama ni milimita 52, 57 au kama 61 na nusu. Na utazame uso wa pistoni: una nundu iliyosimama, au ni laini?

MjukuuKibokoni

Shikamoo mzee wangu, Mungu akuweke. Tumefanya yote uliyosema, na BoxerWaBombolulu alikuja kweli, na spana zake zote.

Spana ya kumi na nne inacheza, ya kumi na tatu haiingii. Tulijaribu nati baada ya nati, zote hivyo hivyo, hakuna hata moja iliyokaa sawa. Jirani yetu mzee fundi cherehani ana spana alizorithi za mashine za zamani, tukajaribu, moja ikaingia taratibu ikakaa kabisa. Imeandikwa BSW, yaani ile Whitworth uliyoitaja, na namba ya sehemu ya inchi.

Kifuniko cha kulia kimeandikwa WICO-PACY. Kabureta imeandikwa AMAL.

Fremu inaanza YD1 halafu tarakimu. Injini inaanza YD halafu tarakimu nyingine kabisa. Hapo ami akapata la kusema: namba hazifanani, kwa hivyo imeunganishwa kwa vipande vya pikipiki mbili, na haina thamani. Naomba unieleze hilo, mzee, kwa sababu limewaingia wengi hapa nyumbani.

Kichwa kilifunguka vizuri kuliko tulivyotarajia. Ndani ni 52, tumepima mara kadhaa kwa pande tofauti. Pistoni uso wake ni laini, haina nundu.

Na kuna jingine. Bibi alipotuona tunahangaika alifungua sanduku lake akatoa picha. Babu ameikalia hii hii, amevaa kanzu na koti, nyuma yake zinaonekana Pembe za Ndovu. Hakuna tarehe iliyoandikwa.

FundiMzee_Makupa

Marahaba mwanangu. Basi sasa tunaweza kusema bila wasiwasi.

Hiyo ni BSA Bantam, modeli D1, ya Birmingham, Uingereza. Si ya jeshi wala si ya vita. Bantam ilitoka mwaka 1948, miaka mitatu baada ya vita kwisha, na kwa hivyo yeyote anayesema Mjerumani aliipanda vitani anasema jambo lisilowezekana.

Ntakufungulia hoja moja moja ili ami naye aridhike.

Nati za inchi zimemtoa Mjerumani na Mjapani kwa pigo moja. Wico-Pacy ni kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme, ndiyo baadaye tuliijua kwa jina la Wipac, na Bantam nyingi zilitoka na magineto yake. Amal ni kabureta ya Uingereza.

Milimita 52 ndiyo iliyonifurahisha. Bantam zote tangu mwanzo mpaka mwisho pistoni yake inatembea milimita 58, hilo halikubadilika. Kilichobadilika ni upana. Ukichukua 52 kwa 58 unapata sisi 123, hiyo ni D1. Mwaka 1954 wakatoa D3, wakapanua mpaka 57, ikawa sisi 148. Mwaka 1958 ikaja D5 na baada yake D7, upana 61.5, sisi 172. Rula yako imekwambia modeli hata kama nembo zote zimepotea. Silinda ikichakaa hupanuliwa kidogo ikatiwa pistoni kubwa zaidi, lakini haifiki 57.

Nyuma hakuna springi, na herufi ni YD1. D1 za mwanzo zote zilikuwa hivyo, fremu ngumu. Kuanzia 1950 mteja aliweza kuagiza yenye springi nyuma. Kijani kile kilichofifia na ubavu wa rangi ya maziwa ni rangi ya kiwandani ya D1, tena hapo mwanzo ndiyo pekee, na ekzosi ya mkia wa samaki ni ya zile za mapema. Hiyo yako ilitoka kati ya 1948 na mwanzo wa miaka ya 1950. Ndiyo maana nlisema msibandue ile nyeusi. Chini yake rangi ya kwanza ipo.

Namba kutofanana. Ami asihesabu hilo kuwa ila. BSA hawakuzifananisha. Fremu ilipigwa namba yake na injini yake, zikatoka kiwandani tofauti tangu siku ya kwanza, na kiwanda kikaandika daftarini injini gani imekwenda na fremu gani. Mimi ningeshtuka kama za Bantam ya zama hizo zingefanana. Herufi zote mbili, YD1 na YD, ni za pikipiki moja ya wakati mmoja. Hakuna ushahidi wa vipande.

Sasa asili yake, maana uliuliza ilitoka wapi, na jibu la Birmingham ni nusu tu.

Injini hiyo ilibuniwa Zschopau, mji mdogo wa Saksonia, Ujerumani. Huko ndiko kilikokuwa kiwanda cha DKW, kilichoanzishwa na Mdenishi aitwaye Jørgen Skafte Rasmussen, na kabla ya vita hakikuwa na mpinzani duniani kwa wingi wa pikipiki. Mhandisi wao mkuu, Hermann Weber, ndiye aliyeitengeneza RT 125, iliyotoka karibu na 1939. Ule uso laini wa pistoni uliouona ni wa ukoo huo. Injini za zamani za kuchanganya oili zilikuwa na nundu juu ya pistoni ya kuusukuma moshi na hewa mpya zisigongane. Nundu ile ilikuwa nzito na ilishika moto. Mjerumani mwingine, Adolf Schnürle, akagundua kwamba ukiinamisha matundu ya silinda ipasavyo hewa itazunguka yenyewe, na nundu haihitajiki. DKW wakaichukua njia hiyo.

Ujerumani iliposhindwa, michoro ya RT 125 ikagawiwa kama fidia ya vita. Warusi walizing'oa mashine za Zschopau wakazipeleka kwao, wakatoa Moskva M1A. Harley-Davidson ya Marekani ikatoa yake ya sisi 125. Uingereza wakapewa BSA. Baadaye, 1955, Yamaha nao walipotaka kuingia kwenye pikipiki kwa mara ya kwanza waliiga hiyo hiyo wakaita YA-1. Na Zschopau kwenyewe kazi haikufa, ndiko zilikotoka pikipiki za MZ.

BSA walipoipata michoro walifanya jambo moja kubwa: waliigeuza kulia kushoto, kama mtu anavyojitazama kwenye kioo. Muingereza wa wakati ule alizoea gia mguu wa kulia, basi kila kilichokuwa kushoto wakakileta kulia. Wakabadili nati kuwa za inchi. Hivyo ile pedeli aliyoiona kijana wa Boxer ndiyo alama ya mkono wa Birmingham juu ya kazi ya Zschopau. Na yule bwana wa Nairobi alipouona ule umbo akadhani ameona DKW, alikuwa ameuona ukoo, hakumwona aliyezaliwa.

Hapo 1948 Bantam zilitangazwa kwanza kwa kuuzwa nje ya Uingereza, kabla Waingereza wenyewe hawajapata. Nchi ile ilikuwa na deni kubwa la vita, ikitaka pesa za kigeni. Mji kama wetu ndipo mahali pake: inateremshwa Kilindini, na karani wa Kilindini anaiona inashuka.

Mpwani_wa_Tudor

Maashallah mzee. Nami naongeza mawili.

La picha. Pembe za Ndovu zilisimamishwa kwa ajili ya ziara ya kifalme ya 1952, wakati barabara ile ikiitwa Kilindini Road kabla haijawa Moi Avenue. Kwa hivyo picha ya babu si ya kabla ya mwaka huo. Hiyo ni tarehe ya picha, si tarehe ya pikipiki. Inawezekana kabisa aliipata ikiwa imetumika miaka michache, na karani wa kiafrika wa bandarini kununua mpya kutoka dukani siku hizo si jambo jepesi. Igeuze picha nyuma, mara nyingine studio hupiga mhuri. Na mwulize bibi mwaka wa posa yake kwa kufuata matukio anayoyakumbuka, si kwa namba: nani alikuwa liwali, nani alizaliwa mwaka ule.

La pili ni la mali. Pikipiki ni mirathi ya babu. Ami hawezi kuiuza peke yake, wala binamu, wala wewe huwezi kuizuia peke yako. Ikiwa mirathi haijagawiwa, Mahakama ya Kadhi ipo hapa hapa, na kitu kidogo kama hiki kikiandikwa kwenye orodha ya mali watu hupoa. Tafuteni pia kile kitabu cha usajili cha karatasi, huwa kinafichwa pamoja na hati ya nyumba. Kikipatikana, namba zake zikilingana na zile mlizosugua, kuhamisha umiliki kwa NTSA, mamlaka ya usajili wa magari, kutakuwa na msingi.

BoxerWaBombolulu

Mimi hii siku imenifundisha. Nimekaa juu ya Boxer miaka yote sijajua kwamba nati zinaweza kukwambia nchi. Dada, nikihitajika kuitoa chini ya ngazi niite, tutakuwa watu wawili na mkokoteni, hatutaikwaruza.

MjukuuKibokoni

Nimewasomea wazee jibu la mzee Fundi, lote, jana baada ya Isha. Ami alinyamaza, kisha akaomba aione ile picha ya babu. Bibi amesema iende kwa shangazi Ganjoni, kwake kuna banda, mpaka tukae kuhusu mirathi. Bwana wa Nairobi nimemwambia ni Bantam D1 na nikamwambia kwa nini. Hajajibu.

Mzee wangu, swali la mwisho. Binamu ananiuliza kama anaweza kutia petroli apige kiki asikie sauti yake. Nimemkatalia kwanza.

FundiMzee_Makupa

Umefanya vizuri kumkatalia.

Krenki ya injini ile ina sili za raba pande zote mbili, na kwa miaka yote hii zimekauka. Ikiwaka hivyo itavuta hewa ya pembeni, mchanganyiko utakuwa mwepesi, injini itapata moto na pistoni itang'ang'ania. Beringi nazo zina unyevu wa chumvi. Mtu akipiga kiki kwa nguvu sasa atakwaruza silinda ambayo mmeipima ni 52 safi, na huo ni msiba ambao hauna haja.

Kichwa kirudisheni mahali pake, nati zote nne mzikaze kidogo kidogo kwa zamu, kwa spana ya jirani, si ya milimita. Kabla ya plagi, mimina vijiko vichache vya oili nyepesi kwenye tundu lake, uache siku kadhaa. Halafu tia gia ya tatu, hiyo ndiyo ya juu, uizungushe injini kwa kusukuma gurudumu la nyuma kwa mkono, polepole, mbele na nyuma. Ikizunguka laini, basi. Ikigoma mahali, simama hapo hapo unijulishe.

Ikifika siku ya kuiwasha, tutafungua krenki kwanza, tutie sili mpya na beringi mpya. Vifaa vya Bantam bado vinatengenezwa Uingereza, maana zilitoka zaidi ya laki tatu na nusu na wapenzi wake hawajaisha. Petroli yake utaichanganya na oili sehemu moja kwa ishirini mpaka ishirini na tano. Tangi lisafishwe kutu ndani kwa changarawe ndogo na mafuta ya taa, bila kuigusa rangi ya nje.

Ikishafika Ganjoni niandikie. Magoti yangu hayapendi ngazi za Kibokoni lakini Ganjoni nafika, na spana zangu za Whitworth bado zote ziko ndani ya sanduku lake.